Chumba Nilichovunjia Mawe

Juzi msichana mmoja ninayesali naye alikuja kwangu na daftari. Anataka kufungua saluni ya kucha kule Keshero, na aliomba nimtajie vitu vinavyohitajika. Nilimtajia. Meza nyembamba, ili mkono wa mteja ukufikie bila wewe kuvunjika mgongo. Kiti cha kuegemea kwa mteja na kigoda kwako. Mabeseni mawili, maana mwanamke akiona maji ya miguu ya mwenzake hayajamwagwa, harudi. Tupa, pamba, dawa ya kutolea rangi, taa ndogo ya kukaushia, na betri ya jua kwa siku ambazo umeme hauji, yaani karibu zote. Akaandika kila kitu kwa mwandiko mzuri, kisha akaniuliza saluni yangu iko wapi aje aone. Nikamwambia ninaitembeza kichwani. Alicheka, akadhani natania.

Akauliza tena kama nimesahau kitu. Nikasema sijasahau. Huo ulikuwa uongo. Kuna kitu sikumtajia kwa sababu ningeanza kukitaja ningelazimika kutaja na jina la mtu, na jina hilo niliapa halitatoka tena kinywani mwangu.

Kazi hii niliianza kambini. Mimi na wanangu wawili tulikuwa tumekimbia kutoka Masisi, tukaacha ng'ombe na maharagwe yakiwa yanakaribia kuvunwa, tukapewa mahema karibu na Munigi, juu ya mawe meusi ya volkano. Hema lililofuata langu lilikuwa la mwanamke mdogo kwangu kwa miaka michache, mwenye mtoto mmoja mgongoni. Mume wake alipotelea njiani. Tulipikia mbabula moja ya makaa, tukala sahani moja, na juma halijaisha alikuwa ananiita yaya, dada mkubwa, nami namwita mudogo, kama tumetoka tumbo moja. Mimi nilikuwa najua kidogo kupaka rangi. Nikamfundisha.

Kila asubuhi tulishuka mjini, kila mmoja na kitunga cha chupa za verni, rangi za kucha, kichwani. Anayefanya kazi hii haiti wateja kwa mdomo. Unashika chupa mbili mkononi, unazigonganisha, nglin nglin, na mwanamke aliye ndani ya nyumba anajua ni nani anapita, anakuita dirishani. Mawe ya Goma yanapasua visigino vya watu wote, matajiri na maskini, na dawa yake ni mawe hayohayo. Unachagua jepesi lenye matundu, unasugulia taratibu. Jiwe hilo ndilo sikumtajia msichana wa daftari.

Mtaani Mapendo nilikuwa na mteja mmoja, mama mzima aliyevimba miguu hata hawezi kuinama. Kila Jumamosi nilimwosha, nikamsugua, nikampaka. Mume wake, muzee mpole asiyependa maneno mengi, alikuwa na chumba cha mbele chenye mlango wa barabarani, lakini chumba hicho hakikuwa na kazi. Siku mlima uliposhuka, moto ule wa volkano uliingilia ukuta wa nyuma, ukapoa humo ndani, ukabaki jiwe moja linalofika magotini. Familia ilijenga upya uani, chumba wakakiacha hivyo. Jumamosi moja muzee aliniambia mbele ya mke wake: "Mama, ukivunja ile mawe mpaka ku sima, ukae mwaka muzima bila kulipa. Ile chumba ni yako."

Nilirudi kambini nikikimbia, mtu mzima mimi. Nilimkumbatia mudogo mpaka mtoto wake akalia.

Tulianza wote wawili, kwa nyundo na patasi za kuazima. Siku ya tatu alianza kukohoa. Alisema vumbi linamkaba. Nikamhurumia, nikamwambia yeye atembeze vitunga vyote viwili, awatembelee na wateja wangu, tupate cha kula, nami nitavunja. Leo nikijisikia nikisema maneno hayo natamani kujipiga kofi. Nilimpa kila mlango wa Mapendo ulioujua mlio wa chupa zangu, na nilijiona mwerevu.

Nilivunja kwa majuma tisa. Vijana wa chukudu, zile baiskeli za mbao za kubebea mizigo, walikuja kubeba mawe kwenda kwa watu wanaojenga kuta, na yale mepesi niliyaweka kando kwa ajili ya visigino. Siku moja nyundo iliteleza ikanipata dole gumba la kushoto. Kucha iligeuka nyeusi, ikang'oka hadi mzizi, ikadondoka mle kwenye kokoto, sikuiona tena. Mudogo alinifunga kitambaa huku akicheka. "Yaya, sasa nani atakuamini? Mama wa kucha bila kucha." Nami nikacheka sana. Mwishoni nilifika kwenye ile sima ya muzee, sakafu ya sementi ya zamani, bado ilikuwa na rangi yake nyekundu. Nilikaa chini katikati ya chumba nikaipapasa kwa kiganja.

Juma lile nililopanga kuleta meza, bunduki zililia upande wa Munigi. Kambi ilitawanyika. Watu walijaa barabarani wakielekea mpakani na magodoro na sufuria. Mtoto wa mudogo alikuwa na homa, akasema atajificha naye kanisani. Mimi nilichukua wanangu wawili. Kabla hatujaachana nilimpa kitunga changu, kitenge changu kimoja cha kumfunika mtoto, na ufunguo wa chumba.

"Uchunge chumba yetu," nikamwambia.

"Nitachunga, yaya. Weye rudi tu."

Kwenye bariere ya mpakani watu walikanyagana. Simu yangu ilipotelea pale, lakini tulivuka wazima, tukapokelewa Gisenyi katika ua wa ndugu wa mama yangu. Juma la pili, mpaka ulipofunguliwa tena, mama mmoja muuza nyanya alianza tena kuvuka kwenda Goma. Nilimweleza mudogo anakaa kanisa gani, nikampa ujumbe: sisi wote wazima, mwanangu mdogo ana surua, akipona tunarudi. Nikampa na chupa moja ya verni niliyoinunua pale, zambarau iliyokolea, yenye kifuniko cheupe. Rangi ile sikuwahi kuiona Goma. Nilitaka iwe chupa ya kwanza kwenye rafu yetu. Siku ya pili mama yule alirudi. Alisema amemkuta, amempa mkononi, na kwamba mudogo aliifungua palepale akainusa, akalia kwa furaha. Usiku huo nililala vizuri.

Surua ilimkalia mwanangu, na baada yake ikaja kifua. Tulikaa zaidi ya miezi miwili.

Siku niliporudi Mapendo, mwanamke wa kwanza kuniona aliketi chini barabarani. Nilidhani ameanguka. Nilipomshika ainuke, alinipapasa mikono yote, kutoka mabega hadi vidole, ndipo akasema: "Mama, shiye tulikulilia."

Alinieleza kwamba kilio cha kifo changu kilikaa siku tatu, uani kwa muzee. Kwa kuwa hakukuwa na maiti, walitandika kitenge changu juu ya mkeka, wakaimba. Mama yule wa miguu alilia hadi akaugua. Mudogo alikaa pembeni ya kitenge akiwasimulia jinsi nilivyokanyagwa kwenye bariere, na kwamba hamu yangu ya mwisho ilikuwa saluni ifunguliwe. Muzee, kwa heshima ya marehemu, alikwenda naye kwa shefu wa kartie, mkuu wa mtaa, akamwandikia chumba. Si mwaka mmoja tena. Mitano.

Nitasema jambo linaloniaibisha kuliko yote: hata hapo nilimtetea. Nilisema moyoni, masikini, wamemdanganya. Wakati wa vita watu hutangaziwa vifo vya walio hai, na habari mbaya hupita habari nzuri njiani. Pengine mama wa nyanya alimkosa, akaona haya kuniambia. Niliharakisha kwenda kumfuta machozi.

Mlango ulikuwa umepakwa rangi ya waridi. Ndani palikuwa na meza nyembamba, kiti cha kuegemea, kigoda, mabeseni mawili, mawe yangu mepesi yamepangwa kwenye sahani. Mteja mmoja alikuwa ameingiza vidole chini ya taa. Mudogo aliponiona alipiga kelele, akanirukia shingoni.

"Yaya! Balituambia asema ulikufa ku bariere. Nililia mpaka macozi ikaisha."

Nami nililia. Nililia kweli, kwa furaha, nikimbembeleza mtu aliyenizika. Akanikalisha kwenye kiti cha mteja, akavuta kigoda, akanishika mikono. Juu ya bega lake niliiona rafu. Chupa ya kwanza kabisa, kabla ya nyekundu zote, ilikuwa zambarau yenye kifuniko cheupe. Ilikuwa imebaki nusu.

Machozi yalinikauka.

"Habari ya kifo yangu," nikamuuliza, "ulisikia lini?"

"Juma ya kwanza, yaya. Watu wengi balisema."

"Na kilio?"

"Juma ya tatu."

"Na ile verni ulitoa wapi?"

Aligeuka akaitazama rafu. Nilimsubiri aseme neno. Hata uongo mwingine ningeupokea, maana nilikuwa namtaka mudogo wangu kuliko nilivyotaka chumba.

"Basi unipake hiyo," nikamwambia.

Aliileta. Alianza na mkono wa kulia, kidole kidogo kwanza, kama nilivyomfundisha, mistari mitatu na hakuna kinachomwagika pembeni. Hilo liliniumiza kuliko kitenge kwenye mkeka. Akamaliza mkono wa kulia, akaingia wa kushoto, akapaka vidole vinne, akafika kwenye dole gumba. Kucha yake ilikuwa imeanza tu kuota, kipande kilichopinda. Akasimamisha burashi hewani.

"Hii haina kucha, yaya," akasema bila kuinua macho.

"Najua. Iliangukaka hapa, siku weye ulikuwa unatembeza kitunga yangu."

Mteja akatoa vidole chini ya taa akatutazama. Mudogo aliinamisha kichwa, akatazama ile sementi nyekundu katikati ya miguu yake, safi, imepigwa deki asubuhi hiyo. Mimi nikainuka na kidole kimoja hakijapakwa. Kitunga changu kilikuwa nyuma ya mlango, nikakichukua.