Vigae Vyembamba

Majira ya baridi ya mwaka jana bibi yangu alitangaza kwamba sakafu ya bafuni kwetu Ilford, London, imemshinda. Baridi ikirudi na sakafu ni ileile, akasema, akatiwe tiketi arudi Unguja. Hakuwa anatania. Mama akaamua tuweke nyaya za umeme za kupasha moto chini ya vigae, na mjomba, ambaye ni fundi vigae, akakubali kuzitandika.

Kuchagua vigae niliachiwa mimi, kwa kuwa nilikuwa nimemaliza chuo na sina kazi. Bibi alipenda vya mawe, vinene. Nikasoma kwamba kigae kinene huchelewa kupata moto, ila hukaa nao. Chembamba hupata upesi na kupoa upesi. Watu wengine wangeishia hapo. Mimi nikaanza kuwaza: bibi hutia udhu kabla ya alfajiri, na alfajiri ya London haitulii, kila wiki imesogea. Nikiitega vibaya saa ya kuwasha nyaya, si atakuta mawe ya baridi? Nikaagiza vyembamba. Nikajuta. Nikampigia mjomba, kisha nikampigia tena.

"Wewe unatafuta kigae au mchumba?" akaniuliza.

Vikabaki vyembamba.

Asubuhi ya kwanza ya baridi kali nilimtangulia bibi. Sakafu ilikuwa imewaka muda mfupi tu na tayari ilikuwa na moto mzuri; niliikanyaga peku nikaona nimefaulu. Nikatoka, nikasubiri ukumbini. Bibi akaingia, na mara nikasikia: ko, ko, ko. Mitawanda. Viatu vyake vya mbao, vinavyolala bafuni miaka yote, vyenye nyayo nene kuliko jiwe lolote nililolikataa. Sauti ile nimekua nayo, na sikuwahi kuifikiria.

"Vipi, bibi?" nikauliza alipotoka.

"Baridi vilevile. Kama nimevaa barafu."

"Ivue basi, ukanyage sakafu."

"Nikanyage chooni peku? Mimi sina adabu?"

Jioni ile nikatega sakafu iwake mapema zaidi, mapema kama vile tumenunua mawe, ili mbao nazo zipate muda wao. Sikumwambia mjomba.

Wiki ile mama alimuuliza bibi, bila kumtazama, kama atafute tiketi.

"Ya nani?" bibi akasema, akaenda zake bafuni. Ko, ko, ko, na alikaa humo muda mrefu.