Uvimbe wa Mzee Kiprono

Nimefanya vibarua kuanzia Lanet hadi Njoro, lakini ni Mzee Kiprono pekee, ninayemkamulia ng'ombe, aliyenifanya nitamani kukaa. Mwezi uliopita aliacha sigara, na mara mdomo wake wa juu ukaanza kuvimba. Asubuhi uvimbe ulikuwa kushoto, jioni uko kulia. Mimi niliyeacha shule darasa la sita nikajifanya daktari: hii ni saratani, tena inahama!

Mimi huuliza kila kitu, lakini hilo niliogopa kuuliza. Nilimkimbilia mchungaji, naye Jumapili akaja na kwaya nzima.

"Mzee, hebu tuone huo uvimbe tuuombee," akasema.

Tayari nilikuwa nimepiga magoti, nalia kuliko mke wa mzee.

Mzee akaingiza kidole mdomoni, akatoa kifuko cheupe, kidogo kuliko cha majani chai.

"Ni nikotini tu, ya kuweka mdomoni," akasema kwa aibu. "Inanisaidia nisirudie sigara."

Mkewe akaangua kicheko. Kwaya yote ikanigeukia. Mzee akaniinua kwa mkono.

"Simama, kijana. Sikujua kuna mtu angenililia hivi."