Goti la Fundi na Ngazi ya Hatua Kumi na Mbili

Shaaa. Saa kumi na moja alfajiri, gizani, mchanga unamiminwa ndani ya soksi kuukuu. Anayemimina hajawasha taa, maana wanawe pacha wamelala chumba hichohicho, na akiamka mmoja wameamka wote.

Anafunga fundo, anaipima kwa mkono. "Kilo mbili," ananong'ona. "Hii ya goti la fundi."

Wagonjwa humwita Mama Rudia, kwa kuwa neno hilo halimtoki mdomoni. Ni mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Kliniki yake ni chumba kimoja nyuma ya duka la vifaa vya umeme: kitanda, kioo kirefu, ngazi ya mbao ya hatua kumi na mbili, na soksi ishirini na tatu za mchanga, ndizo uzito wa mazoezi.

Kila mgonjwa huambiwa aje na kitu cha kazi yake. Mshonaji huja na mkasi, mpagazi na gunia. "Sitibu bega tu," anasema. "Natibu bega linaloshona."

Kati ya wagonjwa kumi, wanne hawarudi baada ya siku ya pili. Walitaka kukandwa.

"Wananiambia, pesa nitoe mimi, na jasho linitoke mimi!" anacheka.

Fundi mwashi nusura awe mmoja wao. Miezi mitatu iliyopita alianguka kutoka jukwaa la ujenzi, akaumia goti. Wiki iliyopita msimamizi wake alimpa neno moja: Jumatatu ijayo alete barua ya kuruhusiwa kupanda, la sivyo nafasi apewe mwingine. Fundi akaja kliniki.

"Dada, niandikie tu. Mbona natembea?"

"Unatembea chini, kaka yangu. Panda ngazi nione."

Hatua ya sita, goti likatetemeka. Akashuka. "Una roho ya chuma wewe!" akasema, akaondoka bila kuaga.

Mama Rudia anasema usiku ule usingizi ulimpaa. Mwaka wake wa kwanza kazini alimwandikia fundi mmoja wa rangi barua kama hiyo, kwa kumwonea huruma. Mtu yule akapanda, akaanguka tena. Leo hatembei bila mkongojo.

"Huruma yangu ndiyo iliyomwangusha," anasema, macho yakiwa sakafuni.

Kesho yake fundi alitokea mlangoni na ndoo yake ya zege. "Nimekuja kubishana."

"Bishana na ngazi."

Wamebishana siku tano, asubuhi na jioni.

Leo ni Jumamosi, siku ya kupimwa. Fundi amekuja na binti yake wa miaka mitano, kwani mama mtu yuko zamu. Fundi anatakiwa kupanda mara tatu, ndoo mkononi. Ya kwanza, sawa. Ya pili, sawa. Ya tatu anasimama hatua ya sita.

"Pumua," anaambiwa. "Haraka ya nini?"

Anapumua. Saba. Nane. Anafika juu.

Mama Rudia anaandika barua: aruhusiwe kupanda, akibeba nusu ndoo kwa wiki mbili za kwanza.

"Nusu tu?"

"Nusu. Ukijaza nitajua, goti halina siri."

Mwakani Mama Rudia anataka kuwafuata mafundi kwenye majengo, awafundishe kupanda na kushuka kabla hawajaumia. "Wakinikosesha wagonjwa, nitafurahi," anasema.

Fundi anakunja barua, anaitia mfukoni. Tangu aanguke, binti yake amekuwa akitembea kando yake, akishika shati. Sasa binti anamtazama, kisha ananyoosha mikono yote miwili.

"Baba, nibebe."