Mashini Iliyoshona Upepo

"Mama Godelive, unashona nini, na kitambaa hakuna?"

Aliyeuliza ni Aimée, mtoto wa jirani, alipokuwa wa troisième primaire, darasa la tatu, na dirisha la mshonaji lilimfika kidevuni. Mle ndani Godelive alikuwa anapiga pedali ya mashini yake mbio mbio, jasho linamtiririka, na chini ya sindano hapakuwa na hata uzi. Akasema, "Kwenda kucheza, mutoto, unanizibia upepo."

Upepo wenyewe ulikuwa wa samaki.

Christian, kitindamimba wake, ndiye aliyemwachia kazi hiyo. Kabla ya kwenda Kisangani kusoma, alichukua vioo vya dirisha la zamani, akavigandisha kwa silikoni vikawa sanduku la maji, akatia samaki wawili wekundu ambao mchuuzi mmoja aliwaleta toka Uganda, kupitia Ariwara, mpakani, ndani ya sashe ya plastiki yenye maji. "Maman, unichungie hawa mpaka nirudi," alisema. "Hawapendi joto." Akapanda gari, akaenda zake.

Hawapendi joto! Na nyumba ni ya mabati, na Januari ya Bunia, saa nane mchana, haina huruma na mtu. Maji yakawa vuguvugu kama ya kumwogeshea mtoto mchanga, samaki wakapanda juu wakihema midomo wazi. Na kila dimanche, Jumapili, baada ya misa, simu ililia: "Allô maman, samaki iko?" Salamu zilikuja nyuma. Godelive, naye ametoka kukomunika, kupokea mwili wa Bwana, hakuweza kumdanganya mtoto wake. Basi samaki ilikuwa lazima waishi.

Kwanza alivizungushia vioo kitenge kilicholowa. Maji yalipoa kidogo, ila kitenge kilikauka kabla hajamaliza pindo la sketi moja. Halafu akaenda kwa Katsuva, muuza vinywaji mwenye friza, akaomba barafu. Katsuva akampa sashe mbili zilizoganda kama mawe. Godelive akaziacha zielee majini, akaingia jikoni kuangalia maharage.

Hakuna aliyemwambia kwamba moja ilikuwa ya grenadine, sharubati nyekundu ya sukari, ile wanayouziwa watoto. Na ilikuwa na tundu. Aliporudi, maji yote ni mekundu na samaki hawaonekani, maana na wao ni wekundu. Alipiga yowe, majirani wakaja na fimbo wakidhani ni mwizi. Katsuva naye akaja.

"Katsuva! Umenipikia samaki na sukari!"

"Aa, Maman, nilizani ni weye iko na kiu!"

Godelive aliwachota samaki kwa kikombe, akawatia katika maji safi ya mtungi. Walipona. Ila kwa siku mbili sisimizi walipanga mstari kuzunguka vile vioo, kama watu wanaongojea kupiga kura.

Jawabu lilikuja wakati anafua. Alisimama mlangoni na mikono imelowa, upepo ukapita, mikono ikapoa. Akaitazama mikono. Akaitazama mashini. Jioni ile ile alimpelekea Abdoul, fundi wa pikipiki, feni yake iliyouawa na umeme. Abdoul alitoa mapanga ya feni, akayafunga juu ya meza ya mashini, akayaunganisha na gurudumu kwa mkanda. Ukipiga pedali, mapanga yanazunguka, upepo unapita juu ya maji, na maji yanapoa kweli! Godelive akishona, samaki wanastarehe.

Lakini Januari nani anashonesha? Uniforme za wanafunzi ni za septembre. Kazi ikikosekana, upepo nao unakosekana. Basi akalegeza skurubu ya gurudumu, sindano ikatulia, akawa anapiga pedali bure toka saa sita mpaka saa kumi. Motards, waendesha pikipiki wa pale konani, walipata cha kuchekea.

"Maman Gode, ukifika Irumu utusalimie watu!"

"Nitawasalimia! Na mafuta sinunui, si kama ninyi!"

Ni katika siku hizo Aimée aliuliza swali lake.

Christian alirudi kwa likizo kubwa. Samaki wote wawili walikuwa hai, wamenona. Aliwaangalia dakika mbili, akasema, "Ah, wamekuwa wakubwa," akauliza kama sombe jikoni imeiva.

Imepita miaka saba. Samaki walikwisha kufa kwa uzee, na sanduku la vioo sasa linakaa vifungo na bobini. Christian alipata kazi huko huko Kisangani. Kila dimanche simu inalia bado. Siku hizi anaulizia magoti ya mama yake, ambayo tangu Januari ile hayajanyooka vizuri. Juzi Aimée, ambaye sasa yuko humanités, shule ya sekondari, alikuja kupimwa sketi ya bleu. Aliona vile vioo, akakumbuka.

"Mama Godelive, kumbe hukunijibu. Siku zile ulikuwa unashona nini?"

Godelive alikuwa na pini mdomoni. Alizitoa moja moja, akazichoma kwenye mkono wa blauzi yake.

"Simu ya dimanche, mutoto wangu. Kama samaki zingekufa, Christian angenipigia ya nini?"