Uso wa Mnadi na Wageni wa Pole

Siku yangu ya kwanza kazini sikupewa mgonjwa, nilipewa kioo. Kilikuwa kioo cha ukutani, ukubwa wa sinia, fremu yake ya mninga, kona moja imemeguka. Mkuu wa Kitengo cha Tiba ya Viungo, Mngoni mrefu aliyehamishiwa Kigoma kutoka Songea na ambaye hakuwahi kuyazoea mawese yetu, alinikalisha mbele ya kile kioo akaniambia, "Cheka."

Nikacheka. Binti wa Kalinzi aliyetoka chuoni juzi, koti jeupe bado lina mikunjo ya sanduku, ungemwambia acheke asicheke?

"Sasa cheka upande wa kulia peke yake. Kushoto kusisogee hata kidogo."

Nikajaribu. Uso wote ukaondoka pamoja. Nikajaribu tena huku nimejishika shavu, nikawa kama mtu anayeumwa jino. Mkuu hakucheka.

"Umeona? Wewe nusu imekushinda. Watakuja watu hapa nzima imewashinda. Utakaa nao mbele ya kioo hiki mpaka upande uliolala uamke. Na usiwaharakishe." Akachukua kikombe chake akaenda kunywa chai. Hayo ndiyo yalikuwa mafunzo yangu elekezi, yamekwisha.

Ninyi vijana wa fani hii mna vyumba vyenye feni na mashine za kila namna. Sisi tulikuwa na kitanda kimoja, magongo jozi tatu, mipira miwili, kioo, na mikono yetu. Hata jina la kazi watu hawakulijua. Mjini walituita "wale wanaokanda". Mama yangu aliwatangazia Kalinzi nzima kwamba mwanawe ni daktari wa mifupa; nilimsahihisha mara mbili, mara ya tatu nikamwacha afurahi.

Kazi niliyoipenda kuliko zote ni ya uso. Ukitaka kuielewa, weka kidole nyuma ya sikio. Ndani ya mfupa huo kuna kitundu chembamba, na humo hupita mshipa wa fahamu unaoamrisha uso: kufumba jicho, kukunja paji, kucheka, kupiga mluzi. Mshipa ukivimba humo ndani hubanwa, maana mfupa hautanuki. Mtu analala mzima, anaamka asubuhi chai inamchuruzika pembeni mwa mdomo na jicho moja limekataa kufumba. Watu husema ni upepo, wengine husema ni mkono wa mtu. Mkuu alinifundisha kwanza kumwambia mgonjwa akunje paji la uso. Paji likikunjika pande zote mbili ilhali mdomo umepinda, kimbia kwa daktari, huenda ni kiharusi. Paji nalo likiwa limelala upande ule ule, basi yaelekea shida ni ya mshipa wenyewe. Hata hivyo apelekwe kwa daktari upesi, siku hiyo hiyo, kwa sababu vidonge vya kupunguza uvimbe havipendi kucheleweshwa. Na jicho lilindwe, maana jicho lisilofumba hukauka na kuumia.

Baada ya miaka mitano nilihamishiwa hospitali ya wilaya huko juu milimani. Mganga Mkuu wa Wilaya alinipokea kwa shangwe, akanikabidhi mashine ya umeme mdogo, ya kushtua misuli, iliyokuwa imefunikwa shuka kabatini. "Hii ndiyo silaha yako, itumie kwa kila mtu," akasema. Niliitumia kwa miguu na mikono, lakini usoni niliiogopa, nikikumbuka Mkuu alivyosema uso hauharakishwi, na kila akipita akiniuliza kuhusu uso nilimjibu kwamba waya umekatika. Mungu anisamehe, waya ulikuwa mzima. Kisha nikapelekwa miaka mitatu kwenye kambi ya wakimbizi, na huko ndiko nilikojifunza kufundisha zoezi kwa Kirundi, kwa Kiha, na kwa ishara pale lugha zote zilipogoma.

Niliporudi Kigoma mjini, yule Mngoni alikuwa amestaafu na mimi nikawa Mkuu wa Kitengo. Nilikuta kioo kiko pale pale. Lo, nilijiona! Nilitembea koridoni funguo zikilia kiunoni, nikiamini kwamba kuhusu uso hakuna wa kunifundisha. Basi ndipo akaletwa Rajabu.

Rajabu wa Buzebazeba alikuwa mnadi wa dagaa mwaloni. Mwaloni kwetu ni pale mitumbwi inaposhusha samaki asubuhi. Mnadi husimama juu ya kreti, dagaa wamewekwa mbele yake, wanunuzi wamemzunguka, naye anaita. Sauti yake ilikuwa ikisikika mpaka barabarani. Sasa huyo mtu akaingia kwangu amejifunika mdomo kwa kofia yake, mkewe, Mama Zuhura, amemshika kiwiko.

"Dokta," akaniambia, na "d" ile ikatoka sawa lakini kila "m" ilivuja upepo, "mimi nakula kwa mdomo huu. Sisemi kula chakula. Nasema kula."

Nilimwelewa. Daktari alikuwa ameshampa vidonge. Mimi nikamfundisha kufumba jicho kwa kidole, kulibandika plasta laini wakati wa kulala, kulikanda shavu kwa mduara, na mazoezi mepesi matano, kila moja mara kumi: inua nyusi, fumba macho, kunja pua, cheka, chongoa midomo kama anayepuliza uji.

"Nifanye saa ngapi?" akauliza. "Mimi saa sina."

Hapo ndipo nilipofanya kosa langu kubwa katika maisha yote ya kazi. Nikajiona mjanja. Nilijua mgonjwa hakosi mtu wa kuja kumpa pole, nikaona hiyo ni saa nzuri kuliko ya ukutani. Nikamwandikia kwenye kadi: *Kila mgeni akija kukupa pole, fanya zoezi.*

Wiki za mwanzo zilikwenda vizuri. Mwezi wa pili shavu likaanza kucheza, nikampigia makofi pale pale kitengoni. Baadaye akaacha kuja, nikasema amepona, nikafunga faili. Alikaa nyumbani miezi minne kwa jumla, halafu akarudi mwaloni.

Siku moja akatokea tena, safari hii bila kofia mdomoni, uso umenyooka. Nikafungua mikono. "Rajabu! Umependeza!"

"Nakaribia kufukuzwa, dada," akasema. Na aliposema "kufukuzwa", midomo ikachongoka kwenye "fu" na jicho la kushoto likafumba ndi, likafumbuka.

Nikaketi. Nilijua nimeona nini. Mshipa unapoota upya, nyuzi zake zinaweza kupotea njia. Uzi wa kwenda mdomoni ukaenda jichoni. Mtu akisema, jicho linafumba bila yeye kutaka. Na huo mchanganyiko huzidi pale uso unapolazimishwa kwa nguvu na kupita kiasi.

Kwa mtu mwingine hilo ni jambo la kuchekwa kidogo tu. Kwa mnadi ni balaa. Pale mwaloni wanunuzi hawapendi mshindani ajue nani anataka mzigo, hivyo hupandisha dau kwa kukonyeza. Na mnadi naye akimkonyeza mnunuzi, maana yake ni moja: mzigo wako, nimekufungia. Rajabu akisema "moja" jicho likafumba, akisema "tatu" likafumba. Asubuhi ya siku hiyo mama mmoja wa Tabora alijitwika beseni akaondoka, mwanamume mmoja wa Ujiji akalishika upande wa pili, wote wanaapa wamekonyezwa na mnadi. Dagaa wakamwagika mchangani. Na mke wa muuza barafu naye akaenda kushtaki kwamba mnadi anamchezea macho mbele za watu.

"Mwenyekiti wa mwalo amenipa giza tatu," Rajabu akasema. Wavuvi wetu huhesabu hivyo. Mbalamwezi ikiwaka taa hazivuti dagaa, kwa hiyo kazi ni ya siku za giza, na giza huja mara moja kila mwezi. "Giza la tatu jicho likiwa bado lina mambo yake, kreti anapewa mwingine. Dada, mimi sijui kulima, sijui kuvua. Najua kuita tu."

Nikamuuliza mazoezi amekuwa akiyafanyaje. "Kama ulivyoandika," akasema kwa fahari.

Jioni nikaenda Buzebazeba kujionea. Nilipofika uani nilikuta viatu mlangoni havina idadi. Mama Zuhura akanipokea: "Shikamoo dokta, karibu, umekuja wakati mzuri!" Ndani wamejaa: majirani, watu wa mwaloni, wajukuu wa shangazi, kikundi cha akina mama. Mzee mmoja alikuwa ndiyo kwanza anaingia, akasema, "Haya Rajabu, mgeni nimefika, tuone!" Na Rajabu wa watu akakaza uso mpaka shingo ikatoka mishipa, akachongoa midomo, akakunja pua, watu wanamhesabia kwa sauti moja mpaka kumi, kisha makofi. Hajapumzika, mlango ukagongwa tena.

"Leo peke yake," Mama Zuhura akaninong'oneza, amejaa furaha, "nimeshindwa hata kuhesabu. Mwezi ule wa kwanza walikuja mpaka wa Bangwe."

Mume wa watu alikuwa amefanya kazi ya punda miezi minne, kwa maandishi yangu na mhuri wangu.

Kesho yake nikaenda kwa Mganga Mfawidhi, mama mmoja Mpare mwenye maneno machache, nikamwekea ile kadi ya Rajabu mezani. Akaisoma. Akavua miwani.

"Wewe mwenyeji wa wapi?"

"Kalinzi."

"Kalinzi mtu akiumwa, wanakuja wangapi kumpa pole?"

Nikaanza kuinyoosha ile kadi.

"Nakuuliza."

"Wote," nikasema.

Yule mama aliinamisha kichwa juu ya meza, mabega yakatikisika, nikadhani analia. Alikuwa anacheka mpaka machozi. Alipomaliza akavaa miwani yake. "Nenda ukamwombe radhi. Halafu rudi kwenye kioo."

Nilimwomba radhi Rajabu mbele ya mkewe. "Kosa si lako, ni langu. Umefanya nilivyosema, na nilisema vibaya." Rajabu akamgeukia mkewe, kisha mimi. "Yaani unaniambia tatizo langu ni kwamba napendwa?" akasema, na sote watatu tukaangua kicheko, jicho lake likifumba kila pumzi.

Nikakibeba kile kioo cha mninga hadi nyumbani kwake. Tukaanza upya, safari hii kinyumenyume: badala ya kukaza, kulegeza. Kwanza kulikanda shavu lililokakamaa. Kisha kuchongoa midomo kidogo sana, punje tu, huku akilitazama jicho kwenye kioo. Likitaka kufumba, anaacha, anapumua, anaanza tena. Mara tano, basi, imetosha kwa sasa. Mtu aliyezoea kupiga kelele kwa ajili ya ugali, umwambie aseme "moja" kwa mdomo usiozidi tundu la kifungo! Alinitukana kwa Kimanyema siku ya kwanza, nami nikamjibu kwa Kiha, tukaendelea.

Kuwafukuza wageni haikuwezekana, kwetu ni aibu. Mama Zuhura akakaa mlangoni akiwapa sharti: ingia, toa pole, kula muhogo, lakini mtu asiseme "tuone". Lo, walivyoteseka! Wengine walikaa wamebana midomo, macho wameyakaza usoni kwa Rajabu, mpaka mzee mmoja akainuka akasema, "Afadhali nirudi nyumbani, nitapasuka."

Giza la kwanza jicho lilikuwa bado linafumba. Giza la pili likawa linasinzia tu nusu. Nami nilikuwa sipati usingizi, maana kama kreti lingekwenda kwa mwingine, ni mimi niliyelitoa. Giza la tatu nikaomba ruhusa, nikashuka mwaloni alfajiri nimejifunga khanga mbili kwa baridi.

Mwenyekiti wa mwalo alisimama mbele, mikono nyuma. Rajabu akapanda kwenye kreti. Watu walisubiri ile sauti ya zamani. Haikuja. Alianza kuita taratibu, mdomo mdogo, sauti ya chini, kama anayemweleza mtu siri. Wanunuzi wakanyamaza ili wamsikie. Waliokuwa nyuma wakasogea. "Moja," akasema. Jicho lilitetemeka kidogo kwenye kope, likabaki wazi. "Mbili." Wazi. "Tatu!" Beseni likaenda kwa yule yule mama wa Tabora, na hakuna aliyegombana naye.

Mwenyekiti akageuka akaniangalia. "Mwakeye, mama," akanisalimu kwa Kiha, ndiyo habari za asubuhi zetu. Kisha akaenda kwa shughuli zake, kreti amemwachia Rajabu. Mimi nilikaa juu ya mtumbwi uliopinduliwa nikalia kwa furaha, hadharani, na sikuona haya. Tangu siku ile wanamwita Rajabu Taratibu, na wanadi vijana wanamwiga bila kujua mtindo ule ulitoka kitengoni kwetu.

Sasa nimestaafu. Naishi Bangwe, nalima mchicha, magoti yangu mwenyewe yanahitaji fundi. Mkija kunitembelea, ninyi mlioshika kazi, nitawaambia kwamba misuli na mishipa mtaisoma vitabuni, lakini kabla hamjamwandikia mtu zoezi, ulizeni nyumbani kwake kuna nani. Nilichelewa kuuliza, na aliyekaribia kulipia ni mwingine.

Siku ya kuagwa walinivika shada la maua ya plastiki wakaniketisha meza kuu. Rajabu, kichwa cheupe, alialikwa aseme neno. Badala yake alikichukua kile kioo chenye kona iliyomeguka, akapanda juu ya kiti, akaanza kukinadi kwa ile sauti yake ya chini. Madaktari vijana wakapunga mikono; akawa kama hawaoni. Nikaelewa. Nikakonyeza.

"Moja. Mbili. Tatu. Kimekwenda kwa dada yangu."

Watu wakapiga makofi, vigelegele juu. Rajabu akanitazama kupitia kelele zile, na polepole, kwa kutaka mwenyewe, akafumba jicho la kushoto. Mdomo haukusogea hata kidogo.