Nani Anaangalia Mayai?

“We mutoto, kama machine yako iko nasubiri réseau, nani iko naangalia mayai yangu?”

Nakumbuka mchana ule, mdogo wangu, kwa sababu swali hilo lilinifanya nianze kazi upya. Aliyeuliza ni mama yangu mdogo, Mama Zaina, mfuga kuku aliyekuja Kisangani kutoka Maniema akiwa msichana, na ubishi wake akaja nao. Nadhani ubishi wangu nimeurithi kwake. Chuoni mimi ndiye niliyekuwa nikimuuliza profesa, “Umejuaje?” hadi wenzangu wanaguna.

Ugonjwa ulikuwa umepita bandani kwake na kuua kuku wengi. Mayai aliyobaki nayo ndiyo yangerudisha banda. Nikamtengenezea sanduku la kuyaangulia, ambalo kwetu huitwa couveuse: taa ya gari, betri ya pikipiki na paneli ya jua, maana umeme wa bwawa la Tshopo huja mjini kwetu unapotaka. Ndani niliweka kibao kidogo cha elektroniki cha kupima joto na kuwasha au kuzima taa. Kisha, ili kumfurahisha, nikakifundisha kumtumia ujumbe wa simu.

Tulilijaribu sanduku likiwa tupu. Réseau, yaani mtandao wa simu, ilikuwa dhaifu. Kibao kikang'ang'ania kutuma ujumbe, taa ikaendelea kuwaka. Mama Zaina akatazama kipimajoto kikipanda, akauliza swali lake. Nikachomoa betri, naye akaguna.

“Bon. Hii haiko couveuse. Iko sufuria.”

Programu yangu ilifanya jambo moja baada ya jingine, na lililokwama liliyazuia yote. Nilihitaji mfumo endeshi wa wakati halisi. Jina lisikudanganye: mfumo huo haushindi mingine kwa mbio. Kazi yake ni kuhakikisha jambo muhimu linafanyika kwa wakati wake, hata mengine yakikwama.

Nikaupakua chuoni, nikauandaa kwenye kompyuta yangu kuukuu inayotumia mfumo wa Linux, kwa kuwa kibao hakina kioo wala kibodi. Kila kitu hukipokea kwa waya. Nikachomeka. Kibao kikawaka. Linux ikasema haikioni. Nikaishuku Linux, nikakishuku kibao, nikabadilisha mipangilio isiyo na kosa lolote. Waya sikuushuku, kwa sababu ndio niliochajia simu kila siku. Kumbe nyaya nyingi za sokoni kwetu hupitisha umeme tu; data haipiti. Nilipoazima mwingine, mfumo ukaingia kabla sijamaliza chai.

Safari hii nilizitenga kazi mbili. Ya taa nikaipa cheo cha juu, ya ujumbe ikawa chini yake. Réseau ikapotea, taa ikazimika kwa wakati wake. Hata hivyo, siku ya kuweka mayai nilikagua tena waya mmoja mmoja.

“Na yakiharibika, Mama?”

“Usiogope. Ya muzuri iko chini ya kuku. Haya ni ya kujaribu tu.”

Moyo wangu ukatulia. Tukaweka, tukangoja, na asubuhi moja tukasikia milio ndani ya sanduku. Mama Zaina akainama, akasikiliza, akapiga makofi.

“Aba! Sufuria imezaa!”

Sasa mimi nawafundisha wengine, wakiwemo wanaonibishia, na hao ndio nawapenda. Lakini mdogo wangu, kabla hujaandika mstari wa kwanza, jiulize ni jambo gani halipaswi kusubiri hata kidogo, ulipe nafasi ya kwanza, katika kibao na katika siku zako. Na unaposhuku, anza na kile unachokitumia kila siku. Mungu aibariki mikono yako, akupe na mtu wa kukuuliza swali gumu mayai yakiwa bado nje.

Mimi niliyehoji kila kitu, jibu la Mama Zaina siku ya kuweka mayai sikulihoji. Miaka ilipita ndipo binti yake akaniambia kwamba msimu ule hakuna kuku hata mmoja aliyekuwa akiatamia. Mayai yote yalikuwa ndani ya sanduku langu.