Kopo Lenye Mlango

Harufu ya mafuta ya taa yaliyomwagikia mchangani hunirudisha Tunduma, nikiwa darasa la sita, siku balozi wetu wa nyumba kumi alipolishika kopo langu kwa ncha za vidole, kama mtu aliyeokota kitu chenye sumu.

Kila msimu wa palizi shule ilitupeleka kupiga kambi kwenye shamba la shule lililokuwa mbali, na wasichana tulilala katika vibanda vya nyasi. Mwaka uliotangulia mtu alikipiga teke kibatari usingizini. Kibanda kiliteketea, na rafiki yangu Tumpe akaungua mguu. Tangu hapo nikawa nawaza kitu kimoja: taa ambayo ikianguka itajizima yenyewe. Nilichukua kopo la maziwa ya unga, nikatia mchanga mkavu hadi nusu, nikachimbia katikati kichupa cha dawa chenye utambi. Ubavuni nilikata kidirisha na kukiwekea mlango wa bati, wa kufunga wenzangu wakitaka kulala.

Mlango huo ndio ulioniponza. Mzee Silwimba, balozi mwenyewe, alinikuta uani naufungua na kuufunga. Huyo alimshuku hata jogoo aliyewika mara mbili.

"Taa inayokonyeza," alisema. "Inamkonyeza nani? Na mpaka ule pale!"

Miaka ile bidhaa zilikuwa adimu, na neno magendo lilitamkwa kwa sauti ya chini. Isitoshe, mjomba wangu aliishi Nakonde, ng'ambo ya mpaka. Mchana huohuo mzee akatupeleka ofisini kwake, mimi na mama. Njiani mama alinibana mkono.

"Nani kakutuma?" alininong'oneza. "Niambie kabla hatujafika."

"Hakuna, mama."

Aliniangalia kama hanijui. Hilo liliniuma kuliko mkono.

Ofisini niliomba nyasi kavu. Niliwasha taa, nikaizungushia nyasi, nikaipiga teke. Mchanga ukaporomoka, moto ukafa. Mzee hakuridhika. Aliiwasha mwenyewe na kuiangusha mara tatu, kila mara akichungulia ndani kana kwamba kuna mtu amejificha. Mwishowe akaung'oa mlango, akautia mfukoni.

"Nenda nayo kambini. Ila isikonyeze."

Kambini, Tumpe, ambaye alikuwa ameapa kutolala tena karibu na moto, aliisogeza mwenyewe karibu na kichwa chake.

Nilikuwa mtu mzima, na mzee Silwimba ameshafariki, mama aliponieleza. Sukari yetu ilitoka kwa mjomba, ikipitishwa mpakani ndani ya magunia ya mahindi. Siku ile alidhani kaka yake ameanza kunitumia mimi, mtoto. Mzee alikuwa na haki ya kuishuku nyumba yetu. Alikosea kuhusu taa tu. Jioni ileile mama akampelekea mjomba ujumbe: basi, imetosha.

Nami mwaka mzima nikanywa uji usio na sukari, nikiamini ni adhabu ya kopo langu.